Baisikeli Yenye Mzigo Haina Pa Kuegemea



Kila Jumapili asubuhi, saa ya Misa inapokaribia, barabara ya Taifa namba 5 hapa Bwegera hubeba watu wa namna mbili. Wapo waendao kanisani na nguo zao safi, na wapo wanaosukuma baisikeli zenye makala, mihogo au mchele, wengine wakishuka kuelekea Sange na Uvira, wengine wakipanda kuelekea Luvungi na Kamanyola. Wengi wa hao wa pili ni wenzenu. Walibatizwa pamoja nanyi na kuimba pamoja nanyi kwayani. Katika vikao vyetu husemwa kwamba wamepoa katika imani, kwamba wameipenda fedha kuliko Mungu. Sisi twaona hukumu hiyo imetolewa kwa haraka, na kabla hamjaipokea twawaomba mwitazame kwanza baisikeli yenyewe.

Kinga, kama tunavyoiita huku kwetu (katika Kiswahili cha vitabuni neno hilo lina maana ya ulinzi, wala si jina baya kwa chombo kinacholisha nyumba nyingi), ikiwa mwendoni hujisaidia. Ikiinama kushoto, usukani nao hugeukia kushoto, magurudumu hurudi chini ya uzito, nayo huinuka tena. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani siri yote imo katika mzunguko wa magurudumu, kama pia ya watoto isimamavyo kwa kuzunguka. Mwaka 2011 wahandisi wa Delft, Uholanzi, na wa Cornell, Marekani, walionyesha katika jarida la Science kwamba hata nguvu ya mzunguko huo ikifutwa, baisikeli yaweza kujisimamisha ikiwa na mwendo wa kutosha, mradi uzito wake umepangwa hata usukani ugeukie upande wa kuanguka.

Ikisimama, msaada huo wote hutoweka. Hapo hubaki ule mguu wa chuma tu. Mguu mmoja wa ubavuni wafaa kwa baisikeli tupu juu ya ardhi ngumu. Katika udongo wa bonde letu wakati wa mvua huzama kama kidole katika ugali. Miguu miwili ya nyuma ni bora zaidi, lakini mzigo uliofungwa nyuma sana huinua gurudumu la mbele. Tena kuna hesabu ya urefu. Tuseme kitako cha baisikeli iliyosimamishwa kina sentimita 15 kila upande. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, itainama kama digrii 14 kabla ya kuanguka. Pandisha mzigo hadi kitovu kiwe sentimita 120, digrii 7 zatosha kuiangusha. Upepo wa lori moja linalopita waweza kuifanya kazi hiyo.

Ndiyo maana mchukuzi hutembea na fimbo yenye panda, akaitegemeza chini ya mzigo anapopumzika. Lakini hutamwona akienda mbali nayo. Husimama hapo hapo, mkono ukiwa karibu na usukani, kwa kuwa mtoto akiigusa tu yote huenda chini. Gunia likipasuka, makala huvunjikavunjika, na hakuna mteja anunuaye vumbi kwa bei ya makala. Kuiinua tena huhitaji watu wawili au watatu. Sasa mwambieni kijana huyo aingie kanisani kwa saa mbili. Ataiacha wapi?

Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyewakusanya vijana wafanyakazi, aliwafundisha njia ya kuona, kuamua na kutenda. Na Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa lote katika waraka wake Mater et Magistra, mwaka 1961. Katika jambo hili sisi tumeanza na kuamua.

Twapendekeza, basi, kitu kidogo: egemeo la miti penye kila kikanisa kilicho kando ya barabara. Nguzo za mkaratusi zichimbiwe vema, na juu yake boriti moja ya kulala, yenye kimo cha tandiko, yaani kama sentimita 90, ili baisikeli iegemee kwa ubavu pamoja na mzigo wake. Chini pamwagwe changarawe na kushindiliwa, pasiwe na mteremko. Msiige vile vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele peke yake. Kwa baisikeli tupu vyafaa, lakini mzigo ukiyumba gurudumu hupinda. Kati ya baisikeli na baisikeli iachwe nafasi ya kutosha mtu kupita na kufungua kamba zake.

Wako watakaosema kwamba uwanja wa kanisa utakuwa soko. Wasiwasi huo una haki yake, na dawa yake ni kanuni: hapo pasiuzwe kitu. Wengine wataogopa wezi. Egemeo liwekwe mahali paonekanapo kutoka mlangoni, tusije tukamwacha kijana mmoja nje akilinda mali ilhali naye alikuja kusali.

Hoja nzito zaidi ni ya Jumapili yenyewe. Je, hatutakuwa tunaibariki kazi katika siku ya Bwana? Kanuni ya 1247 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yatutaka tujiepushe na kazi zinazozuia ibada. Ni sawa kabisa, nasi hatuifuti. Lakini mtu aliyetoka kijijini usiku ili awahi soko amekwisha kuwa njiani. Swali lililo mikononi mwetu ni kama atapita au ataingia. Na mafundisho ya katekisimu ya siku za katikati ya juma je? Huko hakuna Jumapili ya kulaumiwa, na viti vya wachukuzi ni vitupu vilevile. Yupo hata aliyetuambia kwamba hao ni wapita njia tu, si wa shirika letu. Simoni wa Kirene naye alikuwa mpita njia akitoka shamba, na Mwinjili Marko ameyahifadhi hata majina ya wanawe.

Vipo vikundi vya vijana vinavyochanga kwa ajili ya vipaza sauti vipya. Sisi twaona vipaza sauti vingoje. Miti twaweza kuiomba kwa wazee wenye mashamba, changarawe twaweza kuisomba wenyewe mtoni, na misumari si mingi. Kimo cha boriti wasikipime wanakwaya; waitwe wachukuzi wawili watatu, waje na baisikeli zao zikiwa na mizigo kamili, wazijaribu. Kazi ianze kabla ya mvua za Septemba, maana baada ya hapo nguzo hazitashika.