Lisemwalo Lipo Wapi?

Wanaosita kwenda Mombasa huegemea methali moja: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu huitaja kama hukumu iliyokwisha kutolewa, nami naona imepotosha wengi. Inatuhakikishia kwamba kila uvumi una ukweli ndani yake, lakini haituulizi ukweli huo uko mtaa gani, ni wa lini, na unamgusa nani. Mgeni haingii katika jina la mji. Anaingia mtaa fulani, saa fulani, kwa njia fulani. Anayeamua kwa jina peke yake hajapima chochote.

Tazama mwaka 2014. Hatari ilikuwepo kweli: Mei 3 guruneti lilirushwa kwenye kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, likaua watu. Baadaye mwezi huo Uingereza iliwaonya raia wake wasiende bila sababu ya lazima kisiwani Mombasa na ukanda wa pwani toka Mtwapa hadi Tiwi. Diani, iliyo kusini zaidi, haikuwamo katika onyo hilo, wala uwanja wa ndege wa Moi. Hata hivyo kampuni za utalii ziliwarudisha kwao mamia ya wateja na kufuta safari za ndege za kwenda Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Onyo lilikuwa na mipaka. Uvumi haukuwa nayo. Juni ikashambuliwa Mpeketoni, mbali kaskazini katika Kaunti ya Lamu, na msiba huo nao ukaandikwa kwenye hesabu ya "pwani". Nairobi ilipoteza watu 67 katika shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013, lakini ni wangapi walioacha kwenda Nairobi? Sifa njema nayo hupotosha vivyo hivyo: anayefuata "Mombasa raha" hushuka treni Miritini, akapitiliza hadi ufuoni, asione Fort Jesus wala vichochoro vya Mji wa Kale.

Nitaambiwa kwamba magenge ya vijana wenye mapanga si hadithi, na kwamba watu wa Kisauni, mjini humo humo Mombasa, wameumia. Ni kweli, na kuwaficha majeruhi ili kupamba mji ni dhuluma. Lakini wenyeji hao hao ndio wanaotufundisha namna ya kupima: wanajua njia ya kuepuka usiku na mahali watoto wanapocheza hadi magharibi. Nitaambiwa pia kwamba roho ni moja, na hakuna mji unaomdai mtu autembelee. Sawa. Basi tuipime roho hiyo kwa mizani moja, tukumbuke na ajali za barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, ambazo hazijamfanya mtu aseme barabara ina jina baya. Aliyeuliza wapi, lini na vipi, kisha akaamua kutokwenda, ameamua kwa haki.

Hofu isiyo na anwani ina wa kuilipa. Wageni walipotoweka, hoteli zilifungwa, na walioachishwa kazi ni wapishi, wahudumu na madereva. Waliopoteza wateja ni wavuvi na wauza madafu. Nyumba isiyo na mshahara ndiko genge linakotafuta vijana. Tukiukimbia mji kwa uvumi tu, tunasaidia kuzalisha kile kile tulichokikimbia: kama halikuwapo, basi laja, nasi ndio tuliolileta.