Baraza na mwembe ni vya nani?

Ukitajwa usanifu wa Kiislamu, watu wengi huona kuba, mnara na maandishi ya Kiarabu. Ndiyo maana wengine hunung'unika wakisikia unatumika kwenye bustani ya mji. Husema ni mambo ya dini moja. Wengine hukumbuka utumwa.

Kwa Ujiji, kumbukumbu hiyo ina msingi. Hapa ndipo misafara kutoka Bagamoyo ilipofikia Ziwa Tanganyika, na pembe za ndovu na watumwa walipita njia hiyo. Miembe iliyopandwa njiani iliwapa kivuli wafanyabiashara, na chini yake walipumzishwa pia waliofungwa minyororo. Wazazi wasiwafiche watoto jambo hilo. Mgeni akifika Ujiji huoneshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, lakini mtoto wa Ujiji anahitaji kujua na hao wengine.

Hata hivyo, mti hauna kosa. Uislamu hufundisha kwamba anayepanda mti, kisha watu au ndege wakala matunda yake, ameandikiwa sadaka. Haulizwi aliyekula ni wa dini gani.

Baraza nalo ni hivyohivyo. Katika nyumba ya Kiswahili, mgeni hupokelewa nje barazani, na familia hubaki na stara yake uani. Jirani Mkristo hukaa hapo, akanywa kahawa na kucheza bao, wala hakuna anayeona ameingia msikitini. Kule Unguja, bustani ya Forodhani ilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, haikugeuka kuwa ya Waislamu peke yao. Jioni hujaa familia za kila aina.

Lipo la kurekebisha. Baraza la nje limezoeleka kuwa la wanaume. Bustani ya umma isiyo na pembe yenye stara humfanya mama anayenyonyesha abaki nyumbani, awe Mwislamu au Mkristo. Kivuli, maji ya kunawa, mahali pa kukaa na stara kidogo ni mahitaji ya kila familia.

Basi kabla ya kubomoa baraza ili kujenga ukuta mrefu wenye vigae vya chupa, familia ijiulize: babu atakaa wapi jioni, na watoto watamsikilizia wapi? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo naye anahitaji pa kukalia.