Vipuri vya Jiko la Gesi Lisilotengenezwa Tena

Ziko nyumba nyingi mjini Kampala ambamo jiko la gesi la kubanikia nyama limesimama uani, limefunikwa gunia, nalo halijawashwa kwa miezi mingi. Si kwamba limeharibika lote. Pengine kichomeo kimoja kimeliwa na kutu, au wavu umekatika, au kifungulio kimepotea siku ya uhamisho, vyombo vilipopakiwa juu ya lori kutoka Gulu au Mbarara. Mwenye jiko amezunguka madukani akilitaja jina la jiko lake, na kila duka limemjibu neno moja: jiko hilo halitengenezwi tena, heri anunue jipya.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kiwanda kikiacha kutengeneza aina fulani ya jiko, vipuri vyenye jina lile hutoweka madukani baada ya muda. Lakini jiko la gesi ni mkusanyiko wa vitu vichache, na vingi katika hivyo hutengenezwa kwa vipimo vinavyotumiwa na viwanda vingi. Basi anayetafuta kipuri cha jiko la zamani asiulize jina, aulize kipimo. Akifika dukani na kipuri kile kibovu mkononi, amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Kabla ya kutoka nyumbani kwenda kutafuta, yampasa mwenye jiko kuvigawa vipuri vyake katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile vinavyobeba moto: wavu, miguu, mfuniko, sahani ya kukingia mafuta na bati linalofunika vichomeo. Fungu la pili ni vile vinavyobeba gesi: mpira, regyuleta, valvu, nozeli na viungo vyake vyote. Vya fungu la kwanza fundi hodari aweza kuvitengeneza. Vya fungu la pili havitengenezwi kwa nyundo; hununuliwa vikiwa vimepimwa kiwandani, au huachwa.

Kwa vipuri vya fungu la kwanza, mkazi wa Kampala hana haja ya kwenda mbali. Mafundi wa Katwe wana sifa ya miaka mingi katika kazi ya chuma. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90, biashara nyingi zilivurugika na bidhaa kutoka nje zikaadimika. Katika miaka ile ya uhaba na magendo, wananchi walijifunza kutengeneza upya kile ambacho zamani wangenunua. Hata leo, sufuria, sigiri, milango na vyombo vya kila namna hutoka katika mikono ya mafundi wa Katwe.

Hata hivyo, fundi hawezi kukisia. Apelekewe kipande cha zamani, hata kama kimevunjika, pamoja na karatasi yenye urefu, upana na unene wake kwa milimita. Wavu uwe wa nondo nene zisizopakwa rangi, au wa chuma kisichoshika kutu. Wako watu wanaochukua wavu wa friji kuukuu na kuuweka juu ya moto kwa sababu umelingana na jiko. Hilo ni kosa kubwa. Wavu wa friji mara nyingi hupakwa madini kama zinki, au plastiki, na upako huo ukipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu juu ya nyama watakayokula watoto. Bati la mabati pia lisitumiwe mahali panapopata moto, kwa sababu hiyo hiyo.

Kichomeo, yaani lile bomba lenye vitundu ambamo moto hutokea, kimekaa kati ya mafungu haya mawili. Kabla ya kukihukumu kuwa kibovu, kifunguliwe na kutazamwa ndani. Buibui na wadudu wadogo hupenda kujenga ndani ya bomba hilo jiko likikaa bila kutumiwa, na utando kidogo tu watosha kuufanya moto uwe wa manjano, wenye masizi, au urudi nyuma karibu na kifungulio. Kioshwe kwa brashi, maji ya moto na sabuni, kikaushwe kabisa, kisha kijaribiwe. Moto mzuri ni wa buluu na hutulia. Lakini bomba likiwa limetobolewa na kutu pasipo na vitundu vyake vya asili, lisizibwe kwa kulehemu ovyo. Litafutwe lingine lenye urefu ule ule na mdomo unaoingia sawasawa katika nozeli.

Sasa vipuri vya fungu la pili. Nozeli ni kipande kidogo cha shaba chenye kitundu chembamba, na kitundu hicho ndicho kinachopima gesi. Ikiziba, isichokolewe kwa msumari wala sindano nene, maana kitundu kikipanuka hata kwa unywele, gesi itapita kwa wingi kuliko jiko linavyohitaji. Majiko mengine yaliyoletwa kutoka ng'ambo yaliundwa kwa gesi ya asilia inayopita katika mabomba ya mji, wala si kwa gesi ya mtungi. Nozeli zake zina vitundu vikubwa zaidi, na jiko la namna hiyo halifai kuunganishwa na mtungi mpaka fundi wa gesi abadilishe nozeli zote.

Regyuleta nayo ina masharti mawili. Ishike barabara mdomo wa mtungi, maana midomo ya mitungi haifanani yote, na itoe gesi kwa mgandamizo ulioandikwa kwenye kibati cha jiko, ambao huonyeshwa kwa milibari, kama 30, 37 au 50. Mwenye jiko anakili namba hiyo kabla kibati hakijafutika. Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa gesi ya kupikia, wala usiwe wa maji au wa petroli ya gari. Pia fundi akumbuke kwamba nati nyingi za gesi hufungwa kwa upande wa kushoto. Akizilazimisha kama nati za kawaida atazikata. Atakayenunua atazame alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989.

Kipuri kikishafungwa, jiko halijawa tayari. Vifungulio vyote vifungwe, mtungi ufunguliwe, kisha kila kiungo kipakwe povu la sabuni. Povu likivimba, gesi inavuja, na mtungi ufungwe mara moja. Kamwe asijaribu mtu kwa kiberiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipai juu bali hutambaa chini, ikaingia chini ya mlango na kutulia mashimoni. Katika makazi ya askari, kama yale ya polisi ya Nsambya na Naguru, ambako familia nyingi huishi karibu karibu, uvujaji wa jiko moja si shauri la nyumba moja.

Ikiwa valvu zenyewe zimechoka na zinazolingana nazo hazipatikani, jiko lisilazimishwe. Mabomba yote ya gesi yaondolewe, na fundi aligeuze sanduku lake kuwa jiko la makaa la kubanikia nyama. Familia itapata nyama ya Jumapili, na chuma hakitatupwa. Lakini likibaki jiko la gesi, basi liandikiwe daftari lake: siku mpira uliponunuliwa, namba ya mgandamizo, vipimo vya kichomeo na vya wavu. Mali bila daftari huisha bila habari. Na siku ya uhamisho mwingine ikifika, daftari hilo litasafiri na jiko, na atakayetafuta kipuri katika mji mgeni hatahitaji kujua jina la kiwanda kilichofungwa zamani.