Baridi ya Limuru Si Baridi ya Nairobi

Karani afanyaye kazi Nairobi na kulala Limuru hutambulikana upesi mwezi wa Julai. Ndiye yule aingiaye ofisini asubuhi amevaa koti zito, na ifikapo saa nane amelitundika, akitoa jasho. Wenzake wakaao mjini humcheka. Hawajui usiku wake ulivyokuwa.

Safari yenyewe ni ya kilomita 30 hivi, lakini ni safari ya kupanda. Kituo cha kupimia hali ya hewa cha Dagoretti ki karibu mita 1,800 juu ya bahari. Limuru iko zaidi ya mita 2,200. Hewa ipandapo hutanuka, nayo ikitanuka hupoa, yapata zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100. Basi usiku wa nyuzi 12 za Sentigredi pale Dagoretti waweza kuwa wa nyuzi 9 huko juu.

Tena kuna mawingu. Tangu Juni hata Agosti upepo wa kusini-mashariki huleta hewa yenye unyevu, ikapanda miteremko ya nyanda za juu na kugeuka wingu zito. Mtu wa Nairobi hulitazama wingu hilo juu ya kichwa chake, na mara nyingi alasiri jua hulipasua. Mtu wa Limuru yumo ndani yake: kwake ni ukungu na manyunyu kutwa. Majani ya chai, yaliyopandwa huko tangu mwaka 1903, huyapenda maji hayo. Nguo zilizoanikwa hazikauki.

Mkulima naye ana hofu yake, nayo ni ya usiku usio na mawingu. Anga likiwa jeupe na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto lake. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka kama maji na kujaa bondeni. Asubuhi viazi vya bondeni huonekana vyeusi kwa sakitu, na vya jirani aliyelima mteremkoni ni vizima. Wengi hudanganywa na udongo mzuri wa bondeni.

Lakini hasara ya viazi si kitu mbele ya ile ya jiko. Mgeni atokaye mjini, akiisha kutetemeka siku mbili tatu, hufunga madirisha, huziba nyufa kwa matambara, na kuingiza jiko la makaa chumbani walalamo watoto. Makaa hayo hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Aivutaye huumwa kichwa, hulegea, kisha hulala asiamke. Yafaa jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likiwa limebakiwa na makaa machache mekundu, na dirisha liachwe wazi kidogo. Blanketi la pili ni ghali, ni kweli. Na linunuliwe mwezi wa Mei, kabla bei haijapanda.