Ruhusa ya Ofisa, Mgongo wa Askari

Desemba 19, 1777, katikati ya vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la George Washington liliingia Valley Forge, Pennsylvania, kupitisha majira ya baridi. Lilikuwa na watu wapatao 11,000, wengi hawana viatu wala blanketi. Kufikia Juni, karibu 2,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi. Katika miezi hiyohiyo maofisa hawakuacha kuomba ruhusa ya kwenda makwao, na wengi waliacha kazi moja kwa moja.

Toleo hili linahusu nidhamu ya majeshi ya mapinduzi, na sisi tunaanzia kwenye ruhusa kwa sababu hapo ndipo usawa uliohubiriwa ulipopimwa. Ofisa aliyechoka aliandika barua ya kujiuzulu. Askari aliyechoka akaondoka aliitwa mtoro, na sheria za kijeshi za 1776 zilikuwa zimepandisha kiwango cha juu cha viboko kutoka 39 hadi 100.

Hata hivyo, tusiwahukumu maofisa kwa pupa. Noti za Kongresi zilikuwa zinashuka thamani kila mwezi, na ofisa alijinunulia sare mwenyewe huku shamba lake likikosa wa kulilima. Washington alilijua hilo. Aprili 1778 alimwandikia mjumbe mmoja wa Kongresi kwamba uzalendo peke yake hauwezi kubeba vita virefu. Mwezi Mei Kongresi ikakubali kuwalipa maofisa nusu mshahara kwa miaka 7 baada ya vita. Askari wa kawaida atakayetumikia hadi mwisho aliahidiwa dola 80, basi.

Washington mwenyewe hakukanyaga nyumbani kwake Mount Vernon tangu Mei 1775 hadi Septemba 1781, alipopita akielekea Yorktown. Ni mfano mkubwa, nasi tunauheshimu. Lakini mashamba yake yalilimwa na watumwa, chini ya msimamizi wa ukoo wake. Luteni maskini hakuwa na wa kumwachia jembe, kwa hiyo uvumilivu wa jemadari haukuwa kipimo cha haki kwake.

Januari 1, 1781, askari wa Pennsylvania waliasi wakidai malipo na haki ya kuondoka muda wao ulipokwisha. Wenzao wa New Jersey walipofuata mwezi huohuo, viongozi wao wawili walipigwa risasi.

Jeshi lililodai uhuru liliwanyima askari wake haki ya kwanza kabisa, ya kujua siku ya kurudi nyumbani. Msomaji, soma makala zinazofuata ukiuliza kila mara: nani alipewa ruhusa, na nani alibaki zamu?