Msimsingizie Ibrahimu

Kila Gaza inapowaka moto, hakosekani mtu kijiweni wa kutikisa kichwa na kutoa hukumu: huo ni ugomvi wa Isaka na Ishmaeli, ulikuwepo tangu zama za Ibrahimu na hautakwisha mpaka Kiyama. Mchungaji hulirudia hilo madhabahuni, ustadhi hulirudia darasani kwa maneno yake, na msikilizaji hurudi nyumbani ameridhika kwamba sasa ameelewa. Hajaelewa kitu. Amepewa hadithi ya kumlaza.

Nianze na Biblia, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa. Mwanzo sura ya 25 inasema Ibrahimu alipofariki, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela, kule Hebroni. Vita kati ya ndugu hao haisimuliwi. Na katika karne zilizofuata, waliowavunjia Wayahudi hekalu mwaka 70 walikuwa Warumi. Waliowachinja Wayahudi na Waislamu kwa pamoja Yerusalemu ilipotekwa mwaka 1099 walikuwa Wakristo wa Ulaya. Na Hispania ilipowafukuza Wayahudi mwaka 1492, wengi wao walipokelewa katika dola ya Waturuki wa Osmania. Sisemi waliishi peponi. Chini ya watawala wa Kiislamu walikuwa watu wa daraja la pili, wakilipa jizya, na mara nyingine wakionewa vibaya. Lakini mataifa mawili yanayodai nchi moja? Hayo hayakuwepo.

Yalianza kuzaliwa karne ya 19, na la kwanza lilizaliwa mbali sana na Yerusalemu. Mwaka 1881 Tsar Alexander II wa Urusi aliuawa, na makundi ya watu yakawaangukia Wayahudi, yakipora na kuchoma nyumba zao katika miji ya kusini ya himaya hiyo. Mwaka uliofuata Leo Pinsker, daktari wa Odessa, alichapisha kijitabu akisema Wayahudi hawatasalimika mpaka wawe na nchi yao. Wala hakushikilia kwamba lazima iwe Palestina. Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna asiye mtu wa sinagogi, akaja na wazo kama hilo mwaka 1896. Alipotaka kuitisha mkutano mkuu wa kwanza wa Wazayuni, yaani wafuasi wa wazo hilo, mjini Munich, Wayahudi wa mji huo walipinga, na marabi wa Ujerumani wakapinga nao, akalazimika kuuhamishia Basel, mwaka 1897. Kama dai hili lilikuwa amri ya kale iliyongoja utekelezaji, mbona marabi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulikataa?

Msomaji wa Kenya ana sababu ya pekee ya kulijua hili. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Herzl ardhi ya Afrika Mashariki. Uliitwa mpango wa Uganda, ingawa nyanda zenyewe, Uasin Gishu, zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Ndiko ulikokuja kujengwa mji wa Eldoret. Wayahudi wa Kishinev, mji wa himaya ya Urusi, walikuwa wameuawa majumbani mwao Aprili ya mwaka huo, na Herzl alitafuta kimbilio lolote. Mkutano mkuu wa sita wa Wazayuni, huko Basel, ulipiga kura: 295 wakakubali watu wapelekwe kuikagua ardhi hiyo, 178 wakakataa. Wajumbe wa Urusi walitoka ukumbini kwa uchungu, wakiwemo wa Kishinev wenyewe, na mwaka 1905 mpango ukatupwa. Silifichi hilo, maana linaonyesha kwamba mapenzi ya Wayahudi kwa Yerusalemu si ya kubuni. Wamekuwa wakiikumbuka katika sala zao kwa karne nyingi. Ila kumbukumbu ni kitu kimoja, na dai la dola ni kingine. Kumbukumbu ni ya kale. Dai lilikuwa bado changa kiasi cha kuweza kujadili Eldoret. (Wanandi na Wamaasai hakuna aliyewauliza. Walowezi wa Kizungu hawakuhitaji kuulizwa, walipiga kelele wenyewe.)

Rasimu ya mkataba wa mpango huo iliandikwa na ofisi ya wakili mmoja wa London, David Lloyd George. Waziri mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Arthur Balfour. Mwaka 1905 serikali ya Balfour ikapitisha sheria ya wageni, na shabaha yake haikuwa siri: Wayahudi maskini waliokuwa wakikimbia kutoka Urusi. Nenda sasa hadi Novemba 1917. Lloyd George ndiye waziri mkuu, Balfour ni waziri wa mambo ya nje, na Balfour huyo huyo anatia saini tamko la kuunga mkono makao ya taifa la Wayahudi huko Palestina. Mlango wa nyumbani kwake aliufunga. Wa nyumba ya watu akaufungua. Yerusalemu ilikuwa bado mikononi mwa Waturuki siku hiyo. Katika tamko hilo wenyeji walitajwa kama jamii zisizo za Kiyahudi, basi, bila jina, ilhali sensa ya Waingereza wenyewe ya mwaka 1922 ilihesabu watu 757,182, na kati yao Wayahudi 83,794. Edwin Montagu, waziri wa mambo ya India na Myahudi, alilipinga tamko hilo kwa nguvu zote. Halafu tunaambiwa chanzo ni Sara na Hajiri.

Upande wa Wapalestina nao, utaifa wao haukutoka jangwani kwa Ishmaeli. Ulitoka mashambani na magazetini. Sheria ya ardhi ya Osmania ya mwaka 1858 ilitaka ardhi iandikishwe. Wakulima wengi, wakiogopa kodi na jeshi, waliacha iandikwe kwa majina ya wakubwa. Matajiri kama ukoo wa Sursock wa Beirut wakajikuta na mabonde mazima, kisha wakayauza kwa taasisi za Kizayuni, na mkulima ambaye babu yake alilima pale akaambiwa aondoke. Hapo ndipo kilio kilipoanza. Gazeti la al-Karmil lilianzishwa Haifa na Najib Nassar mwaka 1908, na Falastin likaanzishwa Jaffa na Issa al-Issa pamoja na binamu yake mwaka 1911. Waanzilishi hao walikuwa Wakristo. Na ukitaka kuzungumza damu, Ben-Gurion na Ben-Zvi, viongozi wa Kizayuni, waliandika mwaka 1918 kwamba wakulima Waarabu wa Palestina ni wazao wa Wayahudi wa kale waliobaki shambani. Anayesema Wapalestina ni taifa la kubuniwa juzi, na anayesema Wayahudi ni wageni wasio na asili yoyote pale, wote wawili wanachagua ukurasa mmoja na kuchana mingine.

Yaliyofuata yana tarehe zake. Marekani ilibana milango yake kwa wahamiaji mwaka 1924, Hitler akashika madaraka 1933, Wayahudi milioni sita wakauawa, na mwaka 1948, Israeli ilipoundwa, Wapalestina zaidi ya 700,000 wakapoteza makwao. Ukisema "ni mambo ya kale" umewaondoa kizimbani wote waliohusika, na wa kwanza kutoka akipiga mluzi ni London.

Najua nitajibiwa: mbona leo walowezi wa Kiyahudi na Hamas wote hunukuu maandiko? Wananukuu. Na mwaka 1929 ugomvi wa ukuta mtakatifu wa Yerusalemu uliwasha ghasia zilizoua Wayahudi 67 Hebroni. Lakini nani waliongoza madai haya kwa miaka mingi? Ben-Gurion, msoshalisti asiyeshika sabato. Yasser Arafat, mhandisi. George Habash, daktari Mkristo aliyeanzisha chama cha Kipalestina cha PFLP mwaka 1967. Gush Emunim, walowezi walioitaja Torati kuwa hati ya shamba, waliundwa 1974, baada ya vita vya 1967 kuitia Hebroni mikononi mwa Israeli. Hamas ilizaliwa 1987. Vita hii ya kidini ina umri mdogo kuliko wengi wa wahubiri wanaotuambia ilianzia hemani kwa Ibrahimu.