Mzuka Huu Ni wa Nani?

Kuna kibanda cha PS hapa Fedha ambacho sikitaji jina, maana bado nadaiwa gemu mbili pale. Ukutani bosi amebandika karatasi: "Piga mzuka wangu, ucheze bure." Nimejaribu mara sita, nikapigwa mara sita. Ile ya sita niliweka pedi chini, kwa sababu mzuka ulinimaliza na mtego wangu mwenyewe: kujifanya narudi nyuma, halafu teke la chini. Mtego huo niliuivisha hapo hapo, kwa mbao zangu.

Kwa wasiojua: Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, ina Super Ghost Battle. Unapocheza, mashine inakusoma: unazuia aje, ukibanwa unakimbilia pigo gani. Kisha inaunda mpiganaji anayecheza kama wewe. Shida ni kwamba anahifadhiwa kwenye akaunti, na kibandani akaunti ni moja tu, ya bosi. Kwa hivyo yule King wake anayesifiwa hadi Tassia ni mikono yetu sote: watoto wa shule, makanga siku ya mapumziko, msee wa mayai boilo. Tulilipa ili tumfundishe.

Najua utasema nini. "Wacha kelele, ni gemu tu. PS ni yake, kodi analipa, stima analipa." Sawa, na ndiyo maana tunamlipa. Mbao yangu ilinunua gemu moja. Mkono wangu sikuuza.

Na usidhani ni mambo ya watoto. Huko nje watu hufunza amiibo wa Super Smash Bros., kisha huwaingiza mashindanoni wapigane wenyewe, hakuna anayegusa pedi. Mtindo huo ukifika Nairobi na zawadi iko mezani, nani ataitwa mbele kupigwa picha?

Nairobi hii sinema tumeshaiona. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa hapa waliosoma uchafu wote wa intaneti ili ChatGPT ijifunze adabu walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wao angalau walilipwa. Sisi ndio tunatoa pesa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Fedha tunachumia juani, na kivuli ni cha bosi.

Sitaki mapinduzi. PS5 inakubali akaunti kadhaa kwenye mashine moja, na kufungua ni bure. Kila mteja wa kudumu afunguliwe yake, mzuka wake uwe na jina lake. Na kama bosi anautaka ule wa pamoja kwa sababu ndio mkali, poa. Tuuite Fedha, na ukishinda kitu tugawane.

Mpaka hapo, nikicheza kwake nabonyeza vitufe ovyo ovyo. Mzuka usome huo ujinga.